Sahani Ndogo, Bili Kubwa: Kugawana Malipo ya Tapas Bila Kukosana

Ijumaa ya mwisho wa mwezi tulitoka ofisini watu sita, tukapanda matatu kutoka katikati ya jiji hadi Westlands kumuaga mwenzetu aliyepata kazi Kisumu. Sisi ni watu wa malipo ya simu. Kila wiki tunakuandikia hapa jinsi ya kulinda PIN, jinsi ya kusoma meseji ya malipo na jinsi ya kutambua tapeli. Ungedhani sisi hatungenaswa na bili ya mkahawa. Tulinaswa vizuri tu.

Bili ilipofika ilikuwa 22,700. Saa ilikuwa inakaribia tano usiku, teksi ya mmoja ilikuwa nje inapiga honi, na weita aliiweka bili mbele ya aliyekuwa karibu naye. Tukamwambia mwenzetu maneno ambayo karibu kila Mnairobi amewahi kuyasema: "Lipa tu, tutakutumia." Akalipa. Hatukujua kwamba katika zile 31,400 zilizokuwa kwenye simu yake, 14,000 zilikuwa kodi ya nyumba ya Kangemi, na keyateka wa ploti yao hana mchezo ikifika tarehe tano.

Ilichukua siku 19 na kikao kimoja kisichopendeza kuimaliza hesabu ile. Ndiyo maana tumeona tuandike somo hili, na tuanze na chakula chenyewe, kwa sababu tatizo linaanzia kwenye meza kabla halijafika kwenye simu.

Tapas ni nini, na kwa nini bili yake haionekani ikikua

Tapas ni desturi ya Uhispania. Neno *tapa* maana yake ni kifuniko, na hadithi inayosimuliwa zaidi ni kwamba zamani kipande cha mkate au nyama kiliwekwa juu ya glasi ya mvinyo kuzuia nzi. Leo ni vyakula vidogo vidogo vinavyoletwa katikati ya meza, kila mtu akidokoa: viazi vya kukaanga vyenye mchuzi wa pilipili, kamba wa kitunguu saumu, mkate uliopakwa nyanya, tortilla. (Tortilla ya Uhispania ni mayai na viazi, si ile ya Meksiko inayofanana na chapati. Mmoja wetu aliagiza akingoja chapati.) Katika mji wa Granada, ukinunua kinywaji mara nyingi unaletewa tapa ya bure. Hapa Nairobi usitegemee hivyo: kila kisahani kinachotua mezani kina bei yake.

Kula pamoja si jambo geni kwetu. Ukienda Kenyatta Market kula nyama choma mnakula kutoka ubao mmoja. Kwenye mikahawa ya Kihabeshi ya Kilimani na Hurlingham mnazunguka sinia moja la injera. Lakini angalia tofauti. Nyama choma inapimwa kwanza. Unasimama pale buchani, unaonyesha mbavu unazotaka, mizani inasoma kilo mbili, unaambiwa bei, na hapo ndipo nyama inaenda motoni. Bili unaijua kabla hujanawa mikono. Mkiwa na njaa zaidi, mtu anainuka kwenda kuongeza, na kuinuka kwenyewe kunamfanya afikirie.

Kwa tapas hakuna mizani wala wa kuinuka. Weita anapita, mtu anasema "tuongezee ile ya kamba", sahani tupu zinaondolewa ili zipishe nyingine, na pamoja nazo unaondoka ushahidi wa mlichokula. Kisahani cha 650 hakitishi mtu. Kumi na nne kwa pamoja ni habari nyingine. Hebu tazama tulichoagiza sisi:

Viazi vya pilipili, 2 kwa 650: 1,300
Kamba wa kitunguu saumu, 3 kwa 1,350: 4,050
Tortilla, 1: 750
Kroketi za kuku, 2 kwa 800: 1,600
Mishikaki, 2 kwa 950: 1,900
Vipira vya nyama, 1: 1,000
Mkate wa nyanya, 3 kwa 450: 1,350
Maji, 3 kwa 250: 750
Juisi, 4 kwa 400: 1,600
Sangria, majagi 3 kwa 2,800: 8,400

Chakula chote, visahani 14, ni 11,950. Vinywaji ni 10,750. Hakuna aliyekuwa mlafi, na hakuna aliyeagiza kitu cha ajabu. Ila hakuna pia aliyekuwa anahesabu.

Kule kaskazini mwa Uhispania, katika mji wa San Sebastián, wana baa za vyakula vidogo vinavyoitwa pintxos, vingi vikiwa vimechomekwa kijiti. Ukimaliza kula, mhudumu anahesabu vijiti kwenye sahani yako na kukutajia bei. Ukiwahi kula mishikaki Mombasa unaelewa mara moja: vijiti ndivyo daftari. Kwa tapas za Nairobi kijiti hakipo, kwa hivyo mmoja wenu awe kijiti. Afungue sehemu ya maandishi kwenye simu, na kila agizo linapotoka aandike jina na bei. Haichukui sekunde tano. Mkifika kiasi mlichokubaliana, anasema "jamani, tumefika elfu kumi na tano", na meza inaamua kama inaendelea. Wengine wataona aibu kidogo. Ni heri aibu ya saa mbili usiku kuliko ile ya siku ya 19.

Njia tatu za kulipa, na gharama ya kila moja

Tutatumia mfano wa M-Pesa kwa sababu ndiyo iliyo kwenye simu za wengi, na viwango ni vile vilivyoanza 2023. Kabla hujatuma, hakikisha viwango vya siku hiyo kwenye mtandao wako.

Njia ya kwanza ni ile tuliyoitumia sisi: mmoja analipa, wengine wanamrudishia. Inaonekana rahisi, na ndiyo ghali kuliko zote. Mwenzetu alipolipa 22,700 kwenye till hakukatwa kitu, kwa sababu kwa malipo ya Buy Goods mteja hatozwi. Anayebeba ada ni mwenye biashara. Lakini kumrudishia ni kutuma pesa kwa mtu, na hapo ada inaanza. Tulisema tugawe sawasawa, yaani 3,784 kila mtu. Mmoja alituma zote usiku uleule, akakatwa 57. Wa pili alituma 3,700 baada ya siku nne, "tumeondoa sarafu", naye akakatwa 57. Wa tatu alituma 3,500 mwezi ulipofika katikati, akakatwa 53. Wa nne alituma 2,917, akakatwa 53. Ada peke yake imefika 220, pesa ambazo hazikumnufaisha yeyote mezani.

Sasa yule wa 2,917. Wengi wetu tulimnung'unikia kwamba amelipa kidogo, hadi alipotuwekea hesabu. Yeye na mwingine mmoja hawanywi pombe. Walikunywa juisi mbili mbili. Chakula na maji ni 12,700, ukigawa kwa sita ni 2,117. Juisi zake mbili ni 800. Jumla 2,917. Sisi wanne tuliomaliza majagi matatu ya sangria tulipaswa kulipa 4,217 kila mmoja. Kwa kugawa sawasawa tulikuwa tunawalipisha wasiokunywa shilingi 867 kila mmoja za mvinyo ambao hawakuuonja. Alikuwa sahihi, na sisi ndio tuliokosea. Angeyasema hayo mezani tungemwelewa, lakini nani anataka kuonekana anahesabu sarafu siku ya kumuaga rafiki?

Na mgeni wa heshima je? Yeye hakutuma kitu, kwa sababu alijua anaagwa, na anayeagwa halipi. Sisi hatukuwa tumelisema, wala kulikataa. Kila mmoja alidhani mwingine ameshaliamua.

Jumlisha: pesa zilizomrudia mwenzetu zilikuwa 13,901. Chakula cha jioni moja kilikuwa kimemgharimu 8,799. Baada ya kulipa bili alibaki na 8,700, akaongezewa 3,784 usiku uleule, na bado hazikufika 14,000 za kodi. Tarehe tano alijazia kwa Fuliza, ambayo ina ada ya kuingilia na ada ya kila siku mpaka deni liishe. Hilo hatukulijua mpaka kwenye kikao. Hakutaka kutudai. Mtu anayekosa kodi kwa sababu ya wenzake hupiga simu mara moja, mara mbili, kisha hunyamaza, na ukimya huo ndio tuliouona ofisini wiki mbili tukidhani amechoka na kazi.

Njia ya pili ni kila mtu kulipa sehemu yake moja kwa moja kwenye till ya mkahawa. Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa meza ya watu hadi wanane hivi. Hakuna ada kwa mteja, hakuna anayebeba deni la mwenzake, na kila mtu anabaki na meseji yake yenye msimbo wa muamala. Kuna mambo mawili ya kuangalia. Mwambie weita mapema, mkiwa mnaagiza, "tutalipa kila mtu yake kwenye till", ili kaunta isishangae kuona malipo sita badala ya moja. Na anayeondoka mapema alipe kabla hajavaa koti. Shida ya njia hii iko kwa mtu wa mwisho: kila mmoja akipunguza hamsini hapa na thelathini pale, pengo linamwangukia anayebaki na weita. Kwa hiyo yule mwenzenu aliyekuwa kijiti asome jumla kwa sauti, kila anayelipa aonyeshe meseji, na hesabu ifungwe kabla ya watu kusimama. Kama kuna mtu wa Airtel Money, asijifiche nyuma ya mtandao. Tangu 2022 mitandao ilianza kufunguliana milango kwa malipo ya biashara. Aulize kaunta namba gani inamfaa.

Njia ya tatu ni kuchanga kabla. Wahispania wenyewe wanaijua: kundi linalozunguka baa kadhaa kwa usiku mmoja hutoa kila mtu kiasi sawa mwanzoni, pesa zinakaa kwa mmoja, naye analipa kila mnapopita. Chungu hicho wanakiita *bote*. Sisi tuna jina letu, na tumelizoea kwenye harusi na kwenye chama: mchango. Uzuri wake ni kwamba kiasi mlichochanga kinakuwa mizani. Pesa zikikaribia kwisha, maagizo yanakwisha. Ubaya ni ada ya kutuma, na kwamba mweka hazina awe mtu ambaye hatachanganya pesa hizo na za kwake. Kwa birthday, au kumuaga mtu asiyepaswa kulipa, hii ndiyo nzuri, kwa sababu suala la mgeni linaamuliwa kabla: kama yeye halipi, sehemu yake tayari imo katika mchango wa wengine.

Ikiwa lazima mmoja alipe yote, kwa mfano simu za wengine zimezima chaji, basi aliyelipa asitoke mezani kabla ya kutumiwa na wote wenye simu zinazowaka. Na asikubali picha ya skrini. Picha si pesa. Pesa ni meseji iliyoingia kwenye simu yako na salio lililoongezeka. Ukiwa na shaka, angalia salio kabla hujasema asante.

Kabla hujaweka PIN

Fungua ukurasa wa mwisho wa menyu na usome maandishi madogo. Mikahawa mingi huandika kwamba bei zimejumuisha VAT ya 16% na ushuru wa utalii wa 2%, ambao wengi bado wanauita ushuru wa hoteli. Ukikuta imeandikwa kwamba bei hazijajumuisha kodi, piga hesabu upya: chakula cha 22,700 kinakuwa 26,786. Mahali pengine kuna ada ya huduma juu yake. Uliza kabla ya agizo la kwanza. Ni swali la kawaida na weita haoni ajabu. Bili ikija, ilinganishe na orodha yako, sahani kwa sahani. Meza zikijaa, kisahani cha jirani huingia kwenye bili yako bila mtu yeyote kuwa mwizi.

Kisha namba. Namba ya till inapaswa kuwa imebandikwa mezani, kwenye kaunta au kwenye bili yenyewe. Ukiiingiza, soma jina linalotokea kabla ya kukubali. Jina la biashara huenda lisifanane na lile la mlangoni, kwa sababu kampuni nyingi zimesajiliwa kwa jina lingine, kwa hivyo uliza: "Jina la till yenu ni gani?" Ukiambiwa till imekwama na upewe namba ya simu ya mtu, mwite meneja. Ukituma kwa namba binafsi unalipa ada, na kesho mkahawa ukisema haukupokea chochote huna cha kuonyesha isipokuwa jina la mtu ambaye huenda hayuko zamu.

Usiku wa Ijumaa mtandao nao huchelewa. Umeweka PIN, meseji haiji, weita amesimama. Usirudie. Wateja wengi wanaotupigia wakisema "nimelipa mara mbili" walirudia katika dakika hiyohiyo. Angalia salio lako kwanza, na mwambie mhudumu wa kaunta aangalie upande wake. Ikiwa kweli umelipa mara mbili, limalize palepale na meneja huku misimbo yote miwili iko kwenye simu yako. Ikiwa ulikuwa unamrudishia rafiki na pesa zikaenda kwa namba isiyo yake, sambaza meseji ile ya M-Pesa kwa 456 mara moja, kabla mpokeaji hajazitoa.

Bakshishi isiingizwe kwenye till kama unataka imfikie aliyekuhudumia, isipokuwa mkahawa umekuambia wanavyoigawa. Noti mkononi bado inafanya kazi. Ukitaka kumtumia kwa simu, akupe namba yake mwenyewe na usome jina. Hadi shilingi 100 kutuma ni bure, na kwa 200 utakatwa 7.

Jambo moja zaidi kuhusu meza ya tapas, na si la pesa peke yake. *Jamón* na *chorizo* ni nyama ya nguruwe, na vipira vya nyama wakati mwingine huchanganywa nayo. Sahani zikiwa za wote, asiyekula nguruwe anajikuta analipia visahani asivyoweza kugusa, au anakaa akiuliza kila kijiko. Mwulizeni kabla ya kuagiza, na visahani hivyo viandikwe pembeni kwa wanaovila. Ni hesabu ileile ya sangria.

Sisi wenyewe tulitoka tena miezi miwili baadaye, watu watano, safari hii Kilimani kwa injera. Mchango ulikuwa 2,500 kila mtu, ukaingia kabla ya saa sita mchana kwa yuleyule mwenzetu wa Kangemi, ambaye alikubali kuwa mweka hazina kwa sharti kwamba asiyetuma haji. Wanne waliotuma walikatwa 33 kila mmoja. Bili ilikuwa 11,200. Katika 1,300 zilizobaki, 300 alipewa weita, na 1,000 zikawa nauli ya teksi ya mweka hazina, kwa sababu yeye ndiye anayekaa mbali.